KAMERA YA MWENDO: INAOKOA WATU AO INATAFUTA FEZA?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi, vumbi la mawe na kofia ya kazi. Leo tuzungumze juu ya barabara. Kuna ulizo moja linalogombanisha watu katika nchi nyingi: zile mashine za kupima mwendo wa motokari, kamera na radari, zinawekwa ili kuokoa watu, ao ili kujaza sanduku la feza?

Najua utanijibu: «Bwana munganga, hapa Kasongo na Kabambare kamera iko wapi? Sisi tunajua mashimo, matope na bariere.» Ni kweli. Kutoka Kasongo kwenda Kabambare, kutoka Kabambare kwenda Salamabila na Namoya, hutakutana na kamera ya mwendo. Lakini ulizo hili linatuhusu. Kwanza, makampuni ya machimbo katika ulimwengu mzima yanaweka ndani ya motokari zao chombo kinachoandika mwendo, na huyo ni ndugu wa kamera. Pili, katapila ikipita na barabara ikilainika, mwendo unapanda siku ileile. Tatu, tumezoea kutozwa feza njiani. Siku mtu atakapotuletea mashine ya kupima mwendo, tunapaswa kujua ya kumuuliza.

Maoni yangu nayasema mbele, usiyatafute mwishoni: mashine inayopima mwendo inaokoa watu. Lakini feza inaweza kuiharibu kabisa, na njia moja tu ya kujua kama imeharibika ni kuhesabu walioumia, si kuhesabu feza.

MWENDO UNAFANYA NINI KWA MWILI

Tuanze na mwili, kwa maana ndiyo kazi yangu.

Mtu wa pikipiki anayegonga ukuta kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa anaumia kama mtu aliyeanguka toka urefu wa metre 3 na nusu. Ni kama kuanguka toka juu ya paa la nyumba. Akiwa na 60, usifikiri ni mara mbili. Ni mara ine: metre 14, kama mtu aliyeponyoka juu ya mchikichi mrefu. Akiwa na 80, ni metre 25. Sisi watu wa Maniema tunajua vizuri mkata-ngazi akianguka toka juu ya mchikichi anarudishwa nyumbani namna gani. Hakuna anayemwambia: «Ruka tu, mikono yako ni mizuri.» Lakini kijana wa pikipiki anapopita sokoni na 60, tunasema: «Huyu anajua kuendesha.»

Tena kuna jicho na mguu. Toka wakati jicho linaona mtoto anakata barabara hadi wakati mguu unakanyaga freni, inapita karibu sekunde moja, hata kwa mtu asiyechoka na asiyekunywa. Katika sekunde ile, motokari yenye mwendo wa 30 imekwisha kutembea metre 8. Yenye 60 imetembea karibu metre 17, na freni haijaanza kazi yake. Freni ikishika, njia ya kusimama inakuwa mara ine pale mwendo unapokuwa mara mbili. Hiyo ni kwenye lami kavu. Kwenye udongo wetu mwekundu, wenye changarawe wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua, inakuwa ndefu zaidi.

Shirika la Afya la Ulimwengu, OMS, linafundisha hesabu hii: mwendo wa kadiri ukiongezeka kwa 1 tu kwa mia, hatari ya aksida yenye kuua inaongezeka kwa 4 kwa mia. Shirika hilo lilihesabu kwamba mwaka 2021 karibu watu 1.190.000 walikufa barabarani ulimwenguni. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, aksida ya barabara ndiyo sababu ya kwanza ya kifo, mbele ya magonjwa yote. Na kati ya sehemu zote za ulimwengu, ni Afrika ndiyo inayopoteza watu wengi zaidi kwa kulinganisha na hesabu ya wakaaji wake, ingawa motokari zetu ni chache.

Sababu moja unaijua. Mfupa wa paja ukivunjika, damu zaidi ya litre moja inaweza kumwagika ndani ya nyama bila tone moja kuonekana inje. Mgonjwa anazungumza, anaomba maji, na kumbe anaisha. Katika mji wenye ambulansi, anafika kwa waganga mapema. Kwetu, kutoka kijijini hadi hospitali ya Kasongo ao ya Kabambare, anabebwa kwa pikipiki ingine ao kwa tipoyi. Kwa hiyo sisi, zaidi ya watu wa lami, tunahitaji aksida isitokee. Hatuna nafasi ya kuitengeneza ikiisha kutokea.

MASHINE INAFANYA KAZI

Je, kamera inapunguza aksida? Mwaka 2010 watafiti wa Cochrane, wanaokusanya na kupima masomo ya afya, walichukua masomo 35 yaliyofanywa juu ya kamera za mwendo. Karibu na kamera, aksida zilipunguka: pengine kwa 8 kwa mia, pengine hadi 49 kwa mia. Aksida zenye kuua ao kuumiza vibaya zilipunguka kwa 11 hadi 44 kwa mia. Kiasi hakilingani pahali pote, lakini masomo yote yalielekea upande mmoja.

Tazama Ufaransa. Mwaka 2002, Rais Jacques Chirac alitangaza kwamba usalama wa barabara utakuwa kazi kubwa ya utawala wake. Radari za kwanza zinazofanya kazi zenyewe, bila polisi, ziliwekwa mwezi wa 10 mwaka 2003. Mwaka 2002 watu zaidi ya 7.000 walikuwa wamekufa katika barabara za nchi ile. Mwaka 2010 walikuwa chini ya 4.000. Si radari peke yake iliyofanya kazi hiyo, kwa maana walikaza pia sheria ya mkaba na ya pombe. Lakini shofere aliyejua kwamba atapimwa alianza kuondoa mguu kwenye gaze.

Basi anayesema «kamera ni wizi mtupu» hasemi kweli. Kuna watu wanaotembea leo kwa miguu yao kwa sababu ya mashine ile, na hawajui.

FEZA INAHARIBU NAMNA GANI

Sasa tusikilize upande wa pili, kwa maana nao una haki yake.

Katika Ufaransa ileile, radari ziliingizia serikali mamia ya milioni za euro kila mwaka. Watu wakaanza kuziita sanduku la kodi. Mwezi wa 7 mwaka 2018 serikali ikapunguza mwendo wa barabara nyingi za inje ya miji toka 90 hadi 80. Mwisho wa mwaka ule, wakati wa fujo la watu wa vizibao vya manjano, radari zilichomwa, zilipakwa rangi, zilivunjwa. Mwezi wa 1 mwaka 2019 waziri wa mambo ya ndani alisema kwamba karibu 60 kwa mia ya radari za nchi zilikuwa zimeharibiwa. Mashine iliyookoa watu ilivunjwa na watu walewale iliowaokoa, kwa sababu hawakuisadiki tena.

Tuje karibu na kwetu. Uganda, mwezi wa 6 mwaka 2025, serikali ilianzisha mpango wa kamera zinazotuma malipizi zenyewe kwenye simu ya mwenye motokari. Aliyepita mwendo wa sheria alipaswa kulipa shilingi 200.000 za Uganda, na aliyepita kwa zaidi ya kilomita 30 shilingi 600.000. Pahali pengine mwendo ulioruhusiwa ulikuwa 30. Kelele za wananchi zilikuwa kubwa hivi kwamba baada ya siku chache serikali yenyewe iliusimamisha mpango ule ili urekebishwe. Watu hawakuwa wanasema kwamba mbio ni nzuri. Walikuwa wanasema: mmetuletea malipizi kabla ya kutuletea mafundisho na vibao.

Wachuuzi wetu wanaovuka Tanganyika kwenda Kigoma wanajua pia ile mashine ya polisi wa Tanzania inayoitwa tochi. Kule, katika vijiji, mwendo wa sheria ni 50, na malipizi ni shilingi 30.000. Sheria yenyewe ni nzuri: shofere wa kule akiona kibao cha 50 anashusha mwendo kweli. Lakini kwa miaka mingi mashofere wamelalamika kwamba polisi wanajificha kichakani na tochi yao. Fikiri neno hili. Polisi anayesimama wazi mbele ya masomo anapunguza mwendo wa kila motokari inayomwona, na hapati feza nyingi. Anayejificha nyuma ya kichaka anapata feza, lakini mtoto amekwisha kuvuka mbele ya motokari yenye mbio. Wote wawili wana mashine moja na sheria moja. Kinachowatenga ni kile wanachokitafuta.

BARIERE HAIPIMI KITU

Huku kwetu mashariki, kutozwa feza njiani si jambo geni. Mwaka 2017 shirika IPIS la Ubelgiji na wenzake walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini peke yake. Zingine za wenye silaha, zingine za watu wa serikali. Bariere haiulizi: «Ulikuwa na mwendo gani? Freni yako inashika? Umepakia watu wangapi juu ya mizigo?» Inauliza tu mfuko wako. Shofere mlevi akilipa, anapita. Shofere mwema asipolipa, anakaa.

Ndugu msomaji, hapa ndipo hatari ya kweli ilipo. Tangu tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 1978 nchi yetu ina Sheria Mpya ya Barabara. Tangu mwaka 2008 tuna FONER, mfuko wa kutunza barabara, unaopata feza toka mafuta ya motokari na toka peaje. Karatasi hazikosekani. Lakini mtu aliyezoea kulipa bila kupimwa anafundishwa kwamba sheria ni bei. Anaweka franga tayari mfukoni, kisha anakimbia ili kurudisha ile feza na wakati aliopoteza. Bariere ya namna hiyo inaongeza mwendo, haiupunguzi.

Kinshasa, mwaka 2013, injinia wa Kikongo, mama Thérèse Izay, na wenzake waliweka kwenye njia panda roboti kubwa za aluminiyumu, zenye kutumia nguvu ya jua, taa nyekundu na za kijani mikononi na kamera machoni. Haikuwa kazi yake kupima mwendo, ilikuwa kuongoza motokari. Lakini naipenda kwa sababu moja: roboti haina mfuko. Inasimamisha tajiri na maskini kwa taa moja. Mashine yoyote ya barabarani inapaswa kuwa hivyo, na watu wanaokaa nyuma ya mashine pia.

CHOMBO KATIKA MOTOKARI ZA KAZI

Sasa nizungumze na mashofere, na makapita, na wakubwa wa kazi, kwa heshima yote.

Chombo kinachoandika mwendo ndani ya kamyo ni kitu kizuri. Kinamlinda shofere pia: siku akishtakiwa kwa uwongo kwamba alikuwa anakimbia, chombo kinamtetea. Lakini watu wa kazi watakichukia mara moja kikitumiwa kwanza kukata mshahara. Feza inayokatwa haitoki katika mwili wa shofere peke yake, inatoka katika sahani ya watoto. Na mtu anayeogopa kukatwa hajifunzi kwenda polepole, anajifunza kudanganya chombo. Kenya mwaka 2004, waziri John Michuki aliamuru kila matatu iwe na kidhibiti cha kuzuia mwendo usipite 80. Mwanzoni nidhamu ilionekana. Baadaye wenye motokari wengi walijua namna ya kukichezea, na mbio zikarudi.

Kuna jambo lingine, na hili nalisema waziwazi. Kampuni yoyote inayolipa primi kwa hesabu ya safari, kisha inakata feza kwa sababu ya mbio, inanunua mwendo kwa mkono wa kuume na kuupiga kwa mkono wa kushoto. Kabla ya kumpima shofere, tupime kazi aliyopewa. Safari nane zinawezekana kwa mwendo wa sheria katika posti moja, na barabara ilivyo leo? Kama haziwezekani, mwenye kosa la kwanza ni yule aliyeandika nane kwenye karatasi.

DAFTARI LIAMUE

Basi tutajuaje kama mashine, dodane ao polisi anaokoa watu? Kasongo ina jibu lake la zamani, na tunaweza kujivunia. Katika miaka ya 1970, waganga wa Mradi wa Kasongo walichanja watoto dhidi ya surua. Hawakutosheka kuhesabu sindano. Walifuata watoto wa pahali palipochanjwa na wa pahali ambapo chanjo haikufika bado, wakauliza: nani angali hai? Mwaka 1981 kazi yao ilitoka katika gazeti la waganga la Uingereza, The Lancet, na ulizo lao lilisukuma wengine katika nchi zingine kuchunguza zaidi. Leo hakuna mashaka kwamba chanjo ya surua inaokoa watoto, kwa sababu watu walikubali kuhesabu watoto, si chupa za dawa.

Tufanye vilevile barabarani. Kila kituo cha afya kina daftari la wagonjwa. Toa humo walioumia barabarani: siku gani, pahali gani, kwa chombo gani, kwa miguu ao kwa pikipiki. Baada ya miezi sita utaona pahali pawili ao patatu panarudi kila mara: mteremko fulani, soko fulani, mlango wa masomo fulani. Hapo ndipo pa kuweka chombo cha kupunguza mwendo. Wakikwambia wanataka kukiweka pahali pengine, penye motokari nyingi na pasipo majeruhi, umekwisha kujua wanatafuta nini.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayopendekeza kwa Kamati ya Usalama na Usafi, kwa madelege wa sendika, na kwa wakubwa wa maeneo yetu:

1. Tuanze na dodane mbele ya masomo, soko na kituo cha afya, na kibao kinachoonekana toka mbali. Dodane inafanya kazi usiku na mchana, haiombi mshahara, na hakuna anayeweza kuihonga.

2. Katapila ikitengeneza kipande cha barabara, kibao cha mwendo kiwekwe siku ileile, kabla ya motokari kuanza kukimbia.

3. Chombo cha mwendo katika motokari za kazi kitumiwe kwanza kwa kufundisha. Kosa la kwanza, maneno. Kosa la pili, mafundisho upya. Adhabu ije kwa anayerudia, naye ahukumiwe mbele ya delege wake.

4. Feza yoyote ya malipizi isibaki kwa mkono unaokamata. Iandikwe kwenye resu, na matumizi yake yabandikwe ukutani: vibao vingapi, bandeji ngapi, machela mangapi.

5. Kila miezi mitatu, hesabu ya walioumia barabarani itangazwe kwenye ukurasa huu, bila majina. Ikipunguka, tushukuru. Isipopunguka, tubadili njia.

Nanyi wa nyumbani msifikiri kwamba hamna nguvu. Abiria ndiye anayelipa pikipiki. Mwambie kijana kabla ya kupanda: «Nakulipa ili unifikishe, na ukienda mbio nashuka.» Mama, watoto wakienda masomo asubuhi, watembee upande wanaoweza kuona motokari zinazokuja mbele yao, mmoja nyuma ya mwingine, mkubwa akiwa upande wa barabara. Wakati wa kiangazi, kamyo ikipita na kuacha vumbi, wasivuke mpaka vumbi litue, kwa maana nyuma ya kamyo kuna pikipiki isiyoona kitu. Na wewe shofere, ukifika nyumbani ukiwa umechelewa, mke wako asikugombeze. Ukiwa umechelewa, umefika.

Kama una maoni mengine, hasa kama wewe ni shofere na unaona nimekosea juu ya hesabu ya safari, uandike na uache karatasi yako kwa dispansari ao kwa delege. Ukiwa unajua pahali ambapo watu wanagongwa mara kwa mara, andika jina la pahali na saa ambapo hatari inazidi. Karatasi hizo nitazipeleka mbele ya Kamati pamoja na daftari.